NYUMBA YA MFANYA KAZI IPIMWE KWA MIGUU

Ndugu wafanya kazi,

Kila mara waja Mombasa wenzetu waliohamishwa kutoka bara. Mmoja atoka Nakuru, wa pili atoka Voi, wa tatu atoka Kisumu, na kila mmoja ana barua ya uhamisho mfukoni, begi moja, na siku chache tu za kutafuta mahali pa kulala. Wakifika kwetu hutuuliza maswali mawili. La kwanza, "Chumba ni pesa ngapi?" La pili, "Maji yapo?"

Maswali hayo ni ya haki, na mtu asiyeyauliza hajui taabu ya mji huu. Lakini liko swali la tatu ambalo ni wachache sana waliulizao, na wengi wamejuta kwa kutoliuliza. Swali lenyewe ni hili: "Kutoka chumba hicho mpaka kazini nitapita njia gani, saa ngapi, na pamoja na nani?"

Sisi twaona kuwa swali hili ndilo lingetangulia yote. Mfanya kazi wa zamu hakai nyumbani tu; hukaa pia njiani. Nyumba nzuri yenye njia mbaya si nyumba nzuri. Na tena twaona kuwa jambo hili si la mtu mmoja na dalali wake peke yao. Ni jambo la Chama, kama vile mshahara ulivyo jambo la Chama. Tutaeleza kwa nini.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwenzetu mmoja wa gengi la njia aliletwa huku kutoka bara. Jina lake hatulitaji, maana mwenyewe hapendi. Dalali alimpeleka ng'ambo ya daraja, upande wa kaskazini, akamwonyesha chumba kizuri chenye sakafu ya vigae na dirisha la kioo. Akamwambia, "Hapa na mjini ni dakika kumi na tano tu." Siku hiyo ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, nao walikwenda kwa gari. Mwenzetu akaamini, akalipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi wa pili, na fedha ya dalali juu yake.

Jumatatu alitakiwa kazini saa kumi na moja alfajiri. Basi ikambidi kuamka saa nane u nusu usiku, na kutoka saa tisa, apate kutembea kwa miguu mpaka barabara kuu kungojea matatu. Njia ile haikuwa na taa. Upande mmoja ukuta mrefu, upande wa pili kiwanja kitupu. Alikwenda hivyo wiki tano. Wiki ya sita vijana wanne wenye mapanga walimkuta karibu na kile kiwanja. Simu waliichukua, na fedha kidogo aliyokuwa nayo waliichukua, na alipoinua mkono kujikinga wakaukata, mkono wa kulia, mkono ashikao spana.

Mtaa ule hatuutaji pia, kwa kuwa wakaaji wake wengi ni wafanya kazi kama sisi, na hao vijana wamewaumiza wao kabla ya kutuumiza sisi. Twalisema jambo hili kwa sababu ya lile lililofuata. Mwenzetu alipouliza habari ya fidia aliambiwa kwamba hakuumia kazini, aliumia njiani. Akakaa miezi mitatu bila kuweza kushika chombo, na sisi tukachanga.

Je, alikuwa akienda wapi saa tisa ya usiku, arusini? Alikuwa akienda kazini. Lakini Sheria ya Fidia ya Wafanya Kazi ya mwaka 2007 huihesabu safari ya kwenda kazini kuwa ni sehemu ya kazi pale mfanya kazi anapochukuliwa bila nauli kwa gari lililowekwa na mwajiri kwa kusudi hilo. Atembeaye kwa miguu yake, au alipaye nauli yake ya matatu, hana kinga hiyo. Kwa hiyo, ndugu, kila hatua kati ya mlango wako na geti la kazi ni hatari yako mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, basi hatua hizo ziwe chache, na ziwe salama.

HESABU YA CHUMBA CHA RAHISI

Wengi hutujibu: "Ng'ambo kodi ni nafuu." Na tuipige hesabu hiyo.

Tuseme chumba kisiwani ni shilingi 7,000 kwa mwezi, na chumba kama hicho ng'ambo ni shilingi 4,500. Wewe waona umeokoa shilingi 2,500. Sasa tuseme nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi utalipa shilingi 2,600. Akiba yako yote imekwisha, nawe unadaiwa shilingi 100. Hapo hatujahesabu siku ya mvua, nauli inapopanda ghafula, wala usiku wa zamu ya pili, unapochukua tuktuk kwa kuwa matatu zimekwisha.

Tena kuna hesabu ya saa. Tuseme mtu wa ng'ambo hutumia saa moja u nusu kwenda na saa moja u nusu kurudi, kwa ajili ya kungoja na kukwama. Hizo ni saa 3 kwa siku, saa 78 kwa mwezi. Mwenziwe akaaye mwendo wa nusu saa kwa miguu hutumia saa 26. Tofauti ni saa 52. Ndugu, saa 52 ni zamu sita za saa nane, na nusu ya zamu ya saba. Ni zamu ambazo hakuna akulipaye. Kama mwajiri angekuambia, "Fanya zamu sita kila mwezi bure," ungekuja mbio ofisi ya Chama. Lakini chumba cha rahisi kinakuambia hivyo hivyo, nawe unanyamaza. Ndiyo maana wazee husema rahisi ni ghali.

KISIWA CHETU NA MILANGO YAKE

Mgeni ajue kwanza kwamba Mombasa ya zamani ni kisiwa, na kisiwa kina milango. Upande wa bara ni njia ya Makupa. Upande wa kaskazini ni Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile daraja la zamani lililoelea juu ya maji. Upande wa kusini hakuna daraja la gari. Ni feri ya Likoni. Asubuhi watu wote wa ng'ambo huingia kwa milango hiyo, na jioni hutoka kwa milango hiyo hiyo. Lori moja likiharibika Makupa, au feri moja ikipata hitilafu, maelfu ya watu wanachelewa kazini, na msimamizi hasikii sababu.

Feri hatuidharau. Aendaye kwa miguu havushwi kwa nauli, na hilo ni jambo jema kwa maskini. Wenye feri wenyewe wamepata kutoa hesabu ya watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Lakini wenye umri hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka ikiwa na watu wengi kupita kiasi chake, wakafa watu 272. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliokuwa na haraka ya kuvuka. Mfanya kazi anayekimbilia zamu huingia chombo hata kikiwa kimejaa. Si kwa ujinga, ila kwa hofu ya kukatwa mshahara. Basi kama kazi yako iko kisiwani, na uwezo wa kukaa kisiwani unao hata kwa kujibana, jibane. Usiweke maji kati yako na zamu ya alfajiri.

Lakini hatusemi kila mtu akae kisiwani. Tangu mwaka 2017 gari la moshi la abiria la Nairobi halifiki tena katika stesheni ya zamani ya mjini. Reli mpya yaishia Miritini, bara. Mwenzetu wa kazi ya Miritini akikaa kisiwani kwa ajili ya sifa, atavuka Makupa kila siku na malori ya makontena, na yale tuliyoyasema juu ya ng'ambo yatampata yeye kwa kinyume. Huyo atafute Miritini yenyewe, au Mikindani, au Changamwe, mahali anapoweza kufika kazini kwa miguu bila kukata barabara kuu ya malori gizani. Mtaa mzuri ni ule ulio karibu na kazi yako wewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

MJI WA KALE

Sasa tuseme juu ya Mji wa Kale, kwa kuwa wageni wengi kutoka bara huuogopa. Huona vichochoro vyembamba, huona kuta ndefu, husikia lafudhi ya Kimvita, wakasema, "Hapa nitapotea, hapa nitaibiwa." Sisi pia tulipofika tuliogopa. Sasa tumejifunza.

Mji ule ulijengwa kabla ya gari, kwa ajili ya miguu ya watu na punda. Njia yake kubwa huitwa Ndia Kuu, yaani njia kuu kwa Kimvita, lakini mtu wa bara akiiona atacheka, kwa kuwa gari mbili zikikutana ni taabu. Hiyo ndiyo faida yake. Gari haliwezi kwenda mbio, basi mtoto hucheza nje, na mzee hutembea bila kuruka mtaroni. Katika nchi yetu watu zaidi ya 4,300 walikufa barabarani mwaka 2023, na waendao kwa miguu ndio wengi katika vifo hivyo. Mahali ambapo gari halina nguvu, mwenda kwa miguu ni mfalme.

Tena mbele ya nyumba kuna baraza. Mgeni huidhani ni mahali pa uvivu. Sivyo. Baraza ni polisi asiye na mshahara. Jioni wazee huketi pale na kahawa yao chungu na kashata, na kila apitaye humwona. Kutoka Mlango wa Papa mpaka Kibokoni na Kuze, mtu mgeni akipita mara ya kwanza hutazamwa. Akipita mara ya pili husalimiwa. Akipita mara ya tatu huulizwa akaa kwa nani. Wengine hukasirika wakiulizwa hivyo. Sisi twasema usikasirike. Anayekuuliza leo ndiye atakayepiga kelele kwa ajili yako kesho.

Na liko jambo moja ambalo wa zamu ya alfajiri wangelijua. Saa kumi na moja, adhana inapolia, watu hutoka majumbani kwenda msikitini, na Mji wa Kale una misikiti karibu kila pembe. Msikiti wa Mandhry peke yake una umri wa zaidi ya miaka 400. Saa hiyo taa huwashwa, milango hufunguliwa, na mama wa mahamri ameshakoleza moto. Mtu wa reli atokaye wakati huo hatembei peke yake, hata kama yeye mwendo wake ni wa kazini na si wa sala. Kutoka Ngome ya Yesu mpaka stesheni ya zamani ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu asiye na haraka. Atokaye saa tisa ya usiku katika mtaa uliolala hana bahati hiyo.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Mji wa Kale una taabu zake. Nyumba nyingine ni za zamani mno, na ngazi zake za mbao zimechoka. Nyaya za umeme zimeviringana kama mzabibu, na moto ukitokea ndani ya kichochoro gari la zima moto haliingii. Maji huletwa mara nyingi kwa mkokoteni, na ukikaa orofa ya tatu mitungi utaipandisha wewe. Kuna vijana walioharibiwa na unga, ambao huiba chochote kisichofungwa. Pikipiki nazo zimeanza kupita vichochoroni kwa fujo. Ukitaka kujua tofauti, tazama ni nani aketiye pale penye kona. Wakiwa ni wazee, watoto na muuza kahawa, hiyo ni baraza. Wakiwa ni vijana watupu wanaonyamaza upitapo, pita mtaa mwingine.

Tena mgeni naye ana wajibu wake. Piga hodi, salimu, usivae nusu uchi njiani, usilete pombe katika nyumba ya watu wasioitaka, na wakati wa Ramadhani usile mbele ya waliofunga. Haya si mambo ya dini peke yake. Ni mambo ya ujirani. Mtu akikuheshimu nyumbani kwake atakulinda njiani kwake.

MAJENGO NA MITAA MINGINE

Mji wa Kale si mkubwa, na vyumba vyake havitoshi wote. Wenzetu wengi wa reli na bandari hukaa Majengo, na si jambo la leo. Mtaa ule ulikuwa wa wafanya kazi tangu zamani za Mwingereza. Nyumba zake za Kiswahili zina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe, au mama yake, hukaa chumba cha mbele. Hilo ni jambo zuri, kwa kuwa mlango wa mbele una mtu. Kutoka hapo mpaka Mwembe Tayari, stesheni au Makupa ni karibu, na usiku njia zina wauzaji na taa za vibanda.

Lakini ukipanga Majengo uliza jambo moja: je, mwenye nyumba ndiye mwenye ardhi? Mombasa ina desturi yake, mtu kuwa na nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kulipa kodi ya ardhi. Wakikosana hao wawili, mpangaji ndiye atakayeona vyombo vyake nje. Usilipe miezi sita mbele kabla ya kulijua hilo.

Tononoka, Tudor na Ganjoni ni mitaa mizuri ya kutembea, lakini kodi yake wengi wetu huiangalia tu. Buxton ilikuwa na nyumba za zamani za manispaa walimokaa watu wa mishahara midogo. Zilianza kuvunjwa mwaka 2021, zikajengwa nyumba mpya ndefu. Nyumba mpya hatuzichukii. Twauliza tu: mfagizi, mpagazi na mtu wa gengi waliokuwa wakienda kazini kwa miguu kutoka pale, sasa watoka wapi?

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

Mwenzetu mgeni, usilipe hata senti kabla ya kufanya haya:

1. Tembea njia yote kwa miguu kutoka chumba mpaka kazini, wewe mwenyewe, saa ile ile ya zamu yako. Ukifanya kazi alfajiri, tembea alfajiri. Usiende na dalali. Nenda na mwenzako wa kazi.

2. Hesabu taa. Usihesabu nguzo, hesabu taa ziwakazo. Mahali penye giza la zaidi ya hatua mia moja pana neno.

3. Hesabu barabara kubwa utakazokata, na tazama kama pana mahali pa kuvukia. Makupa na Shimanzi malori ya makontena hupita usiku na mchana, na dereva aliye juu hakuoni aliye chini.

4. Muulize mama wa mahamri, wala usimwulize dalali. Yeye hutoka kabla ya wewe kutoka, na hurudi akiwa na fedha. Kama yeye hapati taabu, wewe hutapata. Kama yeye husindikizwa na mwanawe, jua kwa nini.

5. Ikiwa una mke au dada, naye aitembee njia ya sokoni, ya shule na ya hospitali, kisha aseme yeye. Wanaume twaona njia ni salama kwa kuwa hatuambiwi maneno waambiwayo wanawake. Na wenzetu wanawake walio katika zamu, maneno yao yasikilizwe kwanza katika jambo hili.

6. Tazama njia wakati wa mvua, au uliza wenyeji. Mwezi wa Tano vijia vingine hugeuka mto, na mtu huzunguka kwa njia asiyoijua.

7. Jua jina la jirani mmoja kila upande kabla ya kulala usiku wa kwanza.

SHERIA YASEMAJE, NA WAZEE WETU WALISEMAJE

Sasa twaja kwenye jambo la Chama. Mtu aweza kusema, "Yote haya ni mashauri mema, lakini mshahara wangu ndio unaonichagulia mtaa." Kweli kabisa. Hatuwezi kumlaumu mwenzetu aliyekaa mbali kwa sababu fedha haikutosha karibu.

Lakini na tuisome sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri atampa mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu na mahali pa kazi, au amlipe, juu ya mshahara, fedha ya kutosha kupata nyumba ya kufaa. Tazameni maneno hayo mawili: karibu, na kutosha. Posho inayompeleka mtu ng'ambo ya maji, saa tisa ya usiku, je, hiyo ni ya kutosha? Nasi tuwe macho, kwa kuwa kifungu hicho hicho kinamwachilia mwajiri pale mkataba ulipochanganya nyumba ndani ya mshahara. Msitie sahihi ya mshahara uliochanganywa bila kuuliza ni shilingi ngapi ndani yake ni za nyumba.

Wala tusidhani kuwa sisi ndio wa kwanza kulia kilio hiki. Mwaka 1939, mwezi wa Julai na wa Agosti, wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na neno la posho ya nyumba lilikuwa mbele katika madai yao. Serikali ya kikoloni ikalazimika kuweka tume ya kuchunguza hali ya kazi mjini humu. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma tena, watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa umoja wao. Walikutana katika uwanja wa mpira wakauita Kiwanja cha Maskini. Wengi walifika uwanjani kwa miguu. Watu waliokaa karibu karibu waliweza kupashana habari mlango kwa mlango bila simu wala gazeti. Leo sisi tumetawanyika Mtwapa, Likoni na Miritini, na mkutano wa jioni ukiitwa nusu yetu hawaji, kwa kuwa wanawahi matatu ya mwisho. Mfanya kazi aliyesukumwa mbali na kazi amesukumwa mbali na Chama pia.

TUNAYOTAKA

Kwanza, Chama kidai posho ya nyumba ipimwe kwa kodi ya chumba kilicho karibu na mahali pa kazi, wala si kwa kodi ya chumba cha mbali kilicho rahisi kuliko vyote.

Pili, zamu inayoanza kabla ya mapambazuko, au kuisha baada ya matatu kwisha, iwe na gari la mwajiri. Hapo mfanya kazi atakuwa na kinga ya sheria ya fidia.

Tatu, kila mfanya kazi mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kwa sheria ya mwaka 2024, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Fedha hiyo ni jasho letu. Wawakilishi wetu waulize nyumba hizo zajengwa wapi, na kutoka hapo mpaka geti la kazi ni hatua ngapi.

Nne, taa na njia za waendao kwa miguu. Lakini tusiseme tu kwamba wachuuzi waondolewe njiani. Wachuuzi ni wafanya kazi wenzetu, na usiku wao ndio watu wetu wa pekee njiani. Wapewe mahali pao, nasi tupewe mahali petu pa kupita.

Tano, hili twaweza kulifanya sisi wenyewe bila kumngoja mtu. Kila tawi liandike daftari la wanachama kwa mitaa yao. Mgeni akija na barua ya uhamisho, asiachiwe dalali. Apewe wanachama wawili, wamlaze siku tatu, watembee naye njia za mitaa miwili au mitatu saa ya zamu yake, kisha achague. Na walio mtaa mmoja na zamu moja watoke pamoja. Wanne wakitembea pamoja, wenye mapanga hutafuta mwingine. Na huyo mwingine tukimkuta njiani, tumwite awe wa tano.

Yule mwenzetu aliyekatwa mkono sasa akaa Majengo. Kidole kimoja hakikunjiki, lakini amerudi kazini, na kila alfajiri twampitia mlangoni tukampigia hodi. Kodi yake imepanda shilingi elfu mbili. Tulipomwuliza kama haoni ni ghali, alijibu kwamba sasa hulala mpaka saa kumi. Alitoka ndani akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, akafunga mlango, tukaenda.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa reli, Mombasa.